Valvu ya Baba Mkwe

Nilisomea ufundi bomba kabla sijaolewa, kisha nikaolewa Ibaba, mahali ambapo mwezi wa sita maji ya ndoo yanauma vidole. Huko nikapata baba mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama. Akitokea uwanjani, mimi nazunguka nyuma ya nyumba. Simwiti, simjibu, siingii chumba alichomo. Kwetu Ihanda mambo haya yalilegea zamani. Kwao bado yameshikwa, na niliambiwa mapema kwamba ukipenda boga upende na ua lake. Boga nililipenda. Ua lilinichosha.

Kifua cha mzee kilikuwa kibovu, na moshi wa jiko la mkaa ulikuwa unakimaliza. Mume wangu ni dereva wa malori, na huko kusini alikuwa ameona nyumba zinazopashwa joto kwa maji: boila ya kuni inakaa kwenye kibanda pembeni, mabomba yanapita kwenye kuta za chumba, moshi unaishia nje. Akaniambia, "Si wewe fundi? Mtengenezee baba." Nikafurahi kama mjinga.

Vifaa tulinunua Tunduma. Mabomba nilichagua ya chuma, maana ya plastiki yangelainika karibu na boila. Valvu ya usalama niliigeuzageuza mkononi hadi muuzaji akauliza kama naichagulia mchumba. Tuligombana kwenye tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yanapovimba kwa joto. Mimi nilitaka kubwa. Mume wangu akachukua dogo, kwa sababu kubwa lisingeenea kwenye kebini ya lori. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema, "tumpelekee kwanza." Hoja ya ovyo, lakini ningebishana na mume mbele ya muuzaji?

Nilifunga kila kitu wakati mzee yuko kwa dada yake, kwa kuwa akiwepo nisingeweza kukanyaga pale. Aliporudi, joto lilimkolea. Akawa anashinda kibandani, anachochea mwenyewe. Ila tangi lilikuwa dogo, kwa hiyo moto ukikolea valvu ilifunguka na kumwaga maji nje kupitia bomba la ukutani. Ndiyo kazi yake. Mzee akaona fundi amefunga kitu kinachovuja.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, mwambie baba asiizibe ile valvu. Ikizibwa, boila inaweza kupasuka imuue." Mama mkwe ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Nilimsikia nikiwa jikoni: "Mkweo anakusalimu. Anasema kazi ya kuchochea unaiweza." Nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Asubuhi moja mama mkwe akaenda sokoni. Nilikuwa naosha vyombo nikaona bomba la ukutani ni kavu, huku dohani inafuka moshi mzito. Ndani chuma kilikuwa kinagonga. Nikachungulia kwenye mlango wa kibanda ulioachwa wazi. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anaongeza kuni. Kwenye tundu la valvu palikuwa na plagi, kizibo cha chuma, imekazwa vizuri kabisa, kazi ya mtu makini.

Nikampigia mume wangu. Alikuwa kwenye foleni ya mpakani, hakupokea. Majirani wote walikuwa shambani. Nilisimama pale na ujuzi wangu wote, mdomo sina. Sijawahi kujiona nimefungwa kama siku ile, na kamba yenyewe haionekani.

"Baba, toka!"

Alivuta koti akajifunika kichwa, akageukia ukuta. Hakusogea. Nikaita tena, akajikunyata zaidi. Ndipo nikaelewa. Kibanda kina mlango mmoja, na mimi nilikuwa mlangoni. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ananistahi, na angekufa akinistahi.

Nikaingia. Nikapita nyuma yake hadi kona ya mwisho, kando ya boila, nikageuza uso ukutani. "Mlango uko wazi, baba. Mimi siko hapo." Akatoka akipapasa, koti bado liko kichwani.

Ningeweza kumfuata. Lakini ukuta wa kibanda ndio ukuta wa chumba chake, na moto ulikuwa unawaka. Nikashika jembe, nikaanza kuvuta kuni nje ya tumbo la boila. Chuma kiligonga juu ya kichwa changu. Niliogopa sana.

Kisha nikasikia sauti yake nje, inakatizwa na kikohozi. Alikuwa anasema na mke wake.

"Mama, mwambie mwanangu aache hizo kuni. Mwambie atoke. Boila ni chuma tu, mama, mwambie."

Mama mkwe alikuwa bado sokoni. Uwanja mzima ulikuwa na sisi wawili tu.

Nilivuta ukuni wa mwisho, nikatoka nikilia. Alikuwa ameshanipa mgongo.