Siku Niliyommwagia Marehemu Mnazi Mbele ya Akina Mama wa Kanisa

Mpaka leo nikikutana na akina mama wa kanisa hapa Kisauni nakaza macho mbele kama sioni mtu, maana haya niliyoipata siku ile bado sijaimaliza.

Ilianza na uvivu. Mjukuu wangu Kadzo (akili kaitoa kwangu, shule tu ndiyo mimi sikupata) alikubaliwa chuo kikuu cha ng'ambo, cha udaktari, chuo kikali hasa, kikasema tutakuchukua ila alama za muhula wa mwisho zisishuke. Sasa kwetu, habari kubwa kama hiyo unampelekea marehemu kaburini, unamwaga tembo la mnazi kidogo, unamwambia nyumbani kuna jambo. Mume wangu Karisa kalala Kaloleni. Nikasema ah, jua kali, atasikia huko huko aliko, nikaenda kutangaza kanisani, nikapigiwa vigelegele nikavimba.

Haukupita muda mwalimu akanipigia. "Mama, huyu mtoto anaporomoka. Akiendelea hivi, chuo atakikosa."

Kadzo? Nikaanza kumwangalia. Chakula hali, macho mekundu, kitabu kiko wazi ukurasa ule ule asubuhi hata jioni. Kisha mchana mmoja, saa ile ya joto ambayo hata kuku wananyamaza, nimejilaza sebuleni, nikamsikia Karisa. Sisemi nilimkumbuka, nilimsikia, kwanza kile kikohozi chake alichorudi nacho kutoka kazini bandarini Kipevu, halafu: "Umeamka? Mbona kimya?"

Kiti chake kiko pale ukutani, kitupu, na pazia linacheza na upepo hakuna. Nikajua ni koma, mzimu wa mwenye nyumba, kanuna hakuambiwa, na sasa anamla mtoto akili.

Nikanunua mnazi, nikautia kwenye chupa ya maji nikauficha nyuma ya kiti kile (mimi, kiongozi wa maombi!), nikingojea siku nitakayobaki peke yangu.

Wapi. Akina mama wakaja kumwombea Kadzo. Mwenyewe kagoma kutoka chumbani, ati kichwa. Sebule imejaa, macho tumefumba, Mama Neema anaikemea kila roho ya ukoo, na kikohozi kikatoka upande wa kiti. Mama Neema akakatika katikati ya neno.

"Umeamka? Mbona kimya?"

Wenzangu, miguu haikuniuliza. Nilijikuta nimepiga magoti mbele ya kiti, namwaga chupa nzima, mnazi unatambaa chini ya viatu vya kanisa, nami napiga kelele, "Karisa nisamehe! Niliona uvivu! Nichukue mimi, mwache mtoto!"

"Huo ni mnazi?" Mama Neema akauliza, kainua pindo la rinda.

Kadzo akatoka mbio, simu mkononi, machozi tele. Kumbe zamani akiwa bwenini, kabla hajahamia kwangu, babu yake alikuwa akimtumia sauti kwa simu kila alfajiri, amwamshe asome, na tangu tumzike mtoto anajifungia kuzisikiliza, vitabu kaviacha. Ukuta wetu ni mbao, na chumba chake kiko upande wa pili wa kiti kile, sauti inapita.

"Bibi, nikienda huko mbali nani ataniamsha?"

"Mimi, mjinga we! Au mimi sina sauti?"

"Sauti anayo," akasema mmoja, "mtaa mzima umeisikia." Wakacheka mpaka wakalia, isipokuwa Mama Neema, aliyekuwa nje anaosha viatu.

Wiki ile ile tukaenda Kaloleni, Kadzo akamwambia babu yake mwenyewe. Tangu hapo namwamsha mimi, na alama zimepanda, chuo kinamngoja. Na mimi naapa, habari ya nyumba hii haitafika kanisani tena kabla ya kaburini, hata jua liwake vipi.

Maana nilipolia "mwache mtoto", nilisikia kitini, polepole, "Haya." Nimemfanya Kadzo anichezee sauti zote za simu ile, moja moja. Hiyo "Haya" haimo.