Besi ya Kapembwa Msibani kwa Jere

Lengwe Kapembwa alipiga gitaa la besi katika santuri moja tu ya roki, mwaka 1975, kisha akashuka mgodini hapa Kitwe na kubaki huko miaka thelathini. Santuri ile ilichapwa vibaya. Gitaa la mbele lilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, besi haikusikika kabisa. Fackson Jere, mpiga dramu, akapata utani wa kumtosha maisha yote: kwamba siku ile Kapembwa alilala studio. Jere alikuwa Mngoni, Kapembwa ni Mbemba, na hao ni watani tangu mababu: Mngoni humwita Mbemba mla nyani, naye huitwa mla panya. Kila harusi, kila baa ya mtaa wetu wa Chamboli, hadithi ilikuwa hiyo, na Kapembwa hakuwa na ushahidi.

Wenzao watatu wa bendi walikufa mmoja mmoja, na redio zilizojaza vipindi kwa jasho lao hazikuwataja hata siku moja. Hilo sitaacha kulisema.

Mwaka jana kanda mama, ile ya kwanza ya studio, ilipatikana, ikasafishwa sauti upya, ikatoka kwenye diski. Niliipeleka mimi mwenyewe kwa Kapembwa. Besi ilikuwepo, nene, imebeba kila wimbo. Kapembwa alisema tu, "Kumbe." Akaomba wimbo wa nne urudiwe. Katikati yake Jere anapoteza pigo, anababaika, na besi inashikilia noti moja, inamngoja mpaka arudi. Miaka yote tulidhani kule kubabaika kwa dramu ni mbwembwe za Jere.

"Jumamosi nitamchezea Jere wimbo huu," alisema, akazima redio yake ya diski.

Alhamisi Jere akafa.

Msibani mtani haruhusiwi kulia. Kapembwa alipoingia na redio yake, wanawake wa Kingoni walishaanza: mla nyani kachelewa, bila shaka bado alikuwa amelala studio. Zamu ya kujibu ilikuwa yake. Aliweka redio karibu na jeneza, akafungulia wimbo wa nne. Pigo likapotea. Yeye akaendelea kuinamia redio.

Mjane akamgusa kiwiko. "Sema, shemeji. Ukinyamaza watasema umelia."

"Sikieni mla panya wenu," Kapembwa akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Hapo kapotea njia. Aliyelala ndiye aliyemngoja."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjane hakucheka.

"Alijua," akasema. "Aliniambia kabla hata hajanioa. Yule Mbemba alinibeba, alisema."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Mtani akikusifu, shemeji, utani si umekwisha?"

Kapembwa aliitikia kwa kichwa. Wimbo wa tano ulikuwa umeanza, hakuuzima. Alinawa, akala nshima, ugali wa kwetu, na dagaa mpaka sahani ikabaki tupu. Nilimuuliza kama moyo umetulia sasa.

Alifikiri kidogo. "Sijui, kijana wangu. Nasubiri nione."

Akaomba maji.