Jina Nililotia Chini ya Barua

(Mama aliyetuandikia tunamjua sisi tu. Majina ya watoto tumeyabadilisha.)

Mhariri na wasomaji wote, salamu nyingi. Walionizidi umri shikamooni, wadogo hamjambo. Sisi huku wazima. Baba watoto mzima. Mama mkwe mzima, ila miguu inamsumbua na hii mvua. Leokadia mzima, Deo mzima, Yustina alikuwa na homa lakini sasa anakula. Kitindamimba anaota meno. Na wewe unayesoma ukiwa mbali na mama yako, mwandikie, asikae na wasiwasi.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, nimesoma mpaka darasa la nne. Nilizaliwa upande wa Biharamulo, nikaolewa huku Ngara, si mbali na kambi ya Benaco. Nawaandikia ninyi kwa sababu gazeti lenu kijijini kwetu halifiki. Nalisomea kwa masista tu, ninapopeleka mtoto zahanati. Mniwie radhi kwa mwandiko.

Tangu wakimbizi waje, wanawake wa kambini wanatembea mbali kutafuta kuni. Kijiji chetu kikaweka walinzi wa msitu. Walinzi hao wanawanyang'anya kuni na mapanga, wengine wanawapiga, halafu kuni zile zile wanachomea matofali yao. Sikusimuliwa. Tanuri moja liko nyuma ya nyumba yangu. Mume wangu ni mlinzi.

Nikaliandikia gazeti jingine, hilo linalofika kwetu. Walisema anayeogopa atie jina la kalamu. Niliona wenzangu wanajiita Sauti ya Mnyonge, wengine Mpita Njia. Mimi nilishindwa kubuni. Nikakumbuka nina jina lisilotumika: Butoyi. Kwetu pacha wa pili huitwa hivyo. Mwenzangu, Bukuru, alifariki tukiwa wachanga. Toka niolewe hakuna aliyeniita Butoyi. Hapa mimi ni Mama Leokadia, hata kwa mume wangu, nadhani alishalisahau. Nikasema, kumbe jina langu mwenyewe ndilo mtu hatanijua kwalo.

Barua ikatoka. Ikasomwa kwa sauti kilabuni. Mume wangu akarudi anacheka.

"Mama Leokadia, yule mwandishi tumempata."

"Nani?"

"Si huyo rafiki yako wa kambini anayekulimia! Kadi yake ya chakula imeandikwa Butoyi. Kumbe ule upole wote ana maneno!"

"Huyo hajui kuandika."

"Basi ana karani wake. Kadi tumeichana."

Huyo mama mimi namwita Mama Klaudi. Amenilimia misimu miwili, namlipa ndizi na maharage, na tumenyonyesha pamoja migombani. Sikuwahi kumuuliza jina lake. Naye hakuniuliza langu.

Sikulia. Niliendelea kumenya ndizi mpaka mama mkwe akasema, "We mwana, unapikia kijiji kizima?" Kutazama, sufuria imejaa, nyingine zimeanguka chini.

Kesho kutwa yake Mama Klaudi akaja, shavu limevimba. Nikamvutia kigoda, hakukaa.

"Mama Leokadia, wewe umesoma. Nisomee basi hayo niliyoandika."

Nikamsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli tupu," akasema. "Huyu mtu ana moyo. Ila mbona kanibebesha mimi? Si angetia lake?"

Nikakunja gazeti. Nikampa mkungu wa ndizi. Alikataa kwanza, kisha akauchukua kwa ajili ya watoto. Akaniambia, "Ubarikiwe. Huku sina mtu mwingine." Nikaitikia asante, kama mtu anayeitikia salamu njiani.

Tangu siku hiyo sisikii kitu moyoni. Naweka chumvi mara mbili, watoto ndio wananiambia. Majirani wanamsifu mume wangu kwa matofali, nami nasifu.

Mama Klaudi ana watoto watatu, na bila kadi wanakula kwa kuomba. Mwisho wa mwezi ataitwa mbele ya kijiji. Walinzi wanasema asipokiri na kuomba msamaha, hakuna mwanamke wa kambini atakayekanyaga tena mashamba yetu. Atakiri nini, maskini? Nikisema ni mimi, mume wangu atanirudisha Biharamulo, na kwa desturi watoto wanabaki kwa baba, hata huyu anayenyonya. Nikinyamaza, mwenzangu anapigwa kwa maneno niliyoyaandika mimi.

Nishaurini jamani, hasa akina mama. Nifanye nini? Jibu liwahi kabla ya mwezi kuisha, maana gazeti hufika kwa masista limechelewa siku nne au tano. Kwa posta msinitumie, barua zote mume wangu ndiye hufuata Ngara mjini. Andikeni ukurasani, nitaliona.

Na hapa chini msiweke jina lolote. Nimekaa na kalamu natafuta la kubuni, na kila ninalolifikiria naona kuna mama mahali analo.