Msinihesabie Hatua

Gari lao lilikuwa dogo, la manjano, na juu ya paa lake vilifungwa vichwa vya wanyama kwa kamba. Lilipoingia uwanja wa shule yoyote, walimu walikuwa wameshapoteza kipindi, maana hakuna hesabu ya kugawanya inayoweza kushindana na kichwa cha simba kinachopita dirishani. Ndani mlikuwa na ngoma mbili, pazia moja lenye viraka na watu wanne. Mmoja wao ni Kitinda, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa bata.

Kitinda ni jina la nyumbani, kwa kuwa alizaliwa wa mwisho. Kwenye kikundi walimwita Bata, hata wakimgombeza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye mwili mwepesi na sauti ya kufika mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. Alijiona bingwa, na tusimnyime haki yake, alikuwa bingwa kweli.

Maisha ya barabarani hayaachi siri. Ukilala miezi tisa kwa mwaka juu ya madawati yaliyounganishwa, utajua tu nani anakoroma na nani anasaga meno. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu, aliwahesabu kila walipopanda gari, watu wanne tu, utadhani anavusha darasa barabara. Dereva ndiye aliyekuwa Simba, kwa sababu ya kifua chake kipana. Akishavaa kile kichwa alisinzia humo humo akingoja zamu yake, na mara mbili ilibidi apigwe teke nyuma ya pazia ili aje angurume. Wa nne alikuwa mama mmoja mwembamba aliyecheza Sungura. Huyo ndiye aliyefua mavazi kwa ndoo na kuyaanika kwenye madirisha ya gari, kwa hiyo walizunguka nchi nzima mkia wa Sungura ukipepea nje. Walikula pamoja, wakaugua mafua pamoja, wakanuniana pamoja, na saa mbili asubuhi walikuwa mbele ya watoto wakicheka.

Mchezo wenyewe haukuwa na makuu. Wanyama wana kiu, kisima kimefungwa, na ufunguo uko kwa Bibi Bata. Bibi Bata anatoka mbali na hana haraka. Anaingia ameweka kiganja juu ya paja la kulia, anakanyaga, mwili unazama upande, anausukuma mguu kwa mkono mpaka goti linyooke, anainuka, anavuta hatua nyingine. Wanyama wakiguna anasema, "Nakuja, nakuja. Msinihesabie hatua." Na watoto ni watoto. Ukiwaambia wasihesabu, umewapa kazi. Ukumbi mzima ulihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ikifika kumi na tano hata walimu walikuwa wanafuta machozi ya kicheko. Shule hazikuita kikundi, zilimwita Bibi Bata.

Watu walimuuliza aliutoa wapi mwendo ule. Alijibu kwamba alikaa akawachunguza bata. Bata gani huyo anayeweka kiganja juu ya paja? Lakini nani wa kumbana mtu anayechekesha, wakaamini.

Mwendo ule ulikuwa wa dada yake.

Dada aliugua akiwa na miaka minne, na mguu wa kulia ukabaki mwembamba, usioweza kusimama mpaka usukumwe kwa mkono. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka sita na Dada kumi na saba. Dada ndiye aliyemuogesha, akamsuka, akampeleka shule kila asubuhi, kiganja kimoja pajani na kingine kimeushika mkono wa mdogo wake. Watoto wa mtaani walipoanza kunong'ona, yeye aliwawahi. "Nakuja, nakuja," alisema kwa sauti ya kuchekesha. "Msinihesabie hatua." Watu walicheka naye, na wakishacheka naye hawakuuangalia mguu tena. Kitinda aliliona hilo kwa macho yake miaka nenda miaka rudi. Alijua maneno yale yalikuwa ya kujikinga, na bado aliyachukua.

Siku ya kwanza mchezo ulikuwa unakufa mbele ya watoto wa chekechea, na ndipo mkono wake ukaenda wenyewe pajani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Jioni aliapa hatarudia. Kesho yake alirudia, akaongeza na maneno.

Tangu hapo alikuwa na mji mmoja wa kuukwepa. Dada alikuwa mpishi mkuu wa shule kubwa ya msingi kwenye mji waliozaliwa, na kila Kiongozi alipoitaja shule ile, Kitinda alikuwa na udhuru mkononi. Barabara imeharibika. Mwalimu mkuu hapendi michezo. Ukumbi una popo. Mwaka mmoja alidai wanafunzi wana tetekuwanga, na siku mbili nzima alilala vibaya kwa kuwaugulisha watoto wa watu. Safari hii Kiongozi hakumuuliza. Mwalimu mkuu mpya alipiga simu mwenyewe, tarehe ikapangwa, na Kitinda alipata habari gari likiwa limeshakunja kona.

Dada naye alipiga simu, sauti imejaa furaha. "Mdogo wangu, nimesikia mnakuja kwetu. Nimeshawaambia jikoni wote. Hivi wewe unacheza nani?"

"Mnyama tu, Dada."

"Mnyama gani?"

"Mdogo. Hata hutaniona."

"Nitakuona," Dada alisema. "Mimi nikukose wewe?"

Walifika asubuhi. Dada alimpokea mlangoni pa jiko, kitambaa kipya kichwani, akamkumbatia mpaka aproni ikamwachia unga kifuani. Aliwaonyesha wapishi wenzake wawili: "Huyu ndiye. Nimemlea mwenyewe kwa mikono hii, hata kama sasa ananizidi urefu." Kisha akaenda stoo kuchukua mchele, upande wa pili wa uwanja. Kitinda aliupima uwanja kwa jicho la jukwaani, hatua arobaini. Watoto walikuwa wanakimbizana pale, wakapishana naye, wakampigia kelele, "Mama Sufuria, leo kuna nini?" Akawajibu, akaendelea na safari yake, kiganja pajani, akizama na kuinuka. Hakuna mtoto aliyegeuka kumtazama. Walimzoea kama walivyozoea mlango wa jikoni.

Kitinda alimfuata Kiongozi nyuma ya pazia. "Leo nitatembea vingine."

"Kwa nini?"

"Goti linaniuma."

"Vizuri," Kiongozi alisema huku akifunga kamba. "Litakusaidia."

Angeweza kusema ukweli pale pale. Maneno matatu yalitosha: dada yangu yupo. Lakini akisema hayo ataulizwa kwa nini, na akijibu kwa nini, wenzake watajua kwamba miaka kumi na mmoja walikuwa wanamcheka mtu. Alivaa mdomo wa bata.

Ukumbi ulijaa watoto mia tatu sakafuni. Nyuma kabisa, karibu na mlango, wapishi walikuwa wamekalia benchi, Dada katikati, shingo ameinyoosha akimtafuta mdogo wake katika kila mnyama anayetokea. Zamu ya Bibi Bata ilipofika, Kitinda aliingia akitembea sawasawa, kama mtu aliyetumwa dukani. Alifika kisimani kwa hatua nane.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa mbele alipiga miayo, mwingine akaanza kumfungua mwenzake kamba za viatu. Simba akajaribu kuokoa jahazi. "Bibi Bata, leo umekuja mbio, nani anakufukuza?" Sungura alimkodolea macho. Kule nyuma Dada alikuwa ameshamtambua, anatabasamu, anawagusa wenzake kwa kiwiko: ndiye yule. Na mdogo wake amesimama jukwaani hachekeshi kitu, mbele ya jiko lote lililoambiwa habari zake.

Ningependa kusema alijikaza. Hakujikaza. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba ni mazoea, kwamba mwili ulimponyoka, lakini anajua alivyofanya. Alimtazama dada yake kule mlangoni, akamwona vizuri, kisha akasema, "Ngojeni, nimesahau ufunguo," akarudi nyuma ya pazia, na aliporudi aliweka kiganja juu ya paja.

Hatua ya kwanza, ukumbi ukatulia. Ya pili, msichana mmoja safu ya mbele akasimama, akanyoosha kidole.

"Mama Sufuria," alisema.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mia tatu waligeuka kutazama mlangoni, wakageuka tena jukwaani, wakageuka tena mlangoni, kulinganisha. "Nakuja, nakuja," Kitinda alisema, kwa sababu mdomo ulikuwa umezoea kufuata mguu. "Msinihesabie hatua." Wakahesabu. Walihesabu nusu wakimtazama yeye na nusu wakimtazama Dada, kwa kicheko ambacho hajawahi kukipata katika shule nyingine yoyote. Wapishi wawili walikuwa wameinamisha macho. Uso wa Dada ulishuka, mara moja tu, halafu ukapanda. Akacheka kwa sauti, akapiga makofi juu ya kichwa, akawapungia watoto mkono kama mtu aliyekuwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Wapishi wakashusha pumzi, wakacheka naye. Kitinda alijua kicheko kile. Ndicho alichokisikia utotoni mtaani, na siku ile kilikuwa kinamwokoa yeye. Alitamani ardhi immeze, na alitembea hatua zote ishirini na tatu.

"Haijawahi kuchekesha hivi," Kiongozi alisema baadaye, anasugua viganja. "Goti liendelee kuuma."

Walialikwa chai jikoni. Dada alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kugawia chakula, viganja vyote viwili juu ya meza. Aliwamiminia chai mmoja mmoja, akamuuliza Dereva ana watoto wangapi, akamsifu Sungura kwa kuruka. Sukari ilikuwa kwenye rafu, hatua mbili nyuma yake. "Nisogezee sukari, mwenzangu," alimwambia mpishi mmoja. Kitinda aliona. Halafu kikombe kikapungua, halafu kijiko, na kila mara Dada alimtuma mtu.

Wenzake walipotoka kwenda kufunga vichwa juu ya gari, Kitinda alibaki.

"Dada."

"Kunywa chai, inapoa."

"Dada, mimi sijui niseme nini."

"Umecheza vizuri. Hata mkono umeuweka penyewe." Dada aliifuta meza palipokuwa pakavu. "Ni muda gani unacheza hivyo?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Na watoto wanahesabu kila shule?"

"Kila shule."

Dada alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea orodha ya vitu vya kununua. "Mimi nilikuwa nayasema yale ili wasihesabu," alisema.

Kitinda aliona aibu mpaka masikio yakamuuma. Alitaka apigwe kofi, jambo ambalo lingekuwa rahisi. Alitaka kusema angeacha, kwamba kesho atambadilisha Bibi Bata awe bibi mwingine kabisa, lakini alikumbuka jioni ya kwanza alivyoapa. Nje, Dereva alipiga honi.

Tangu Kitinda aondoke nyumbani na begi lake la kwanza, Dada hakuwahi kumwacha aende bila kumsindikiza. Iwe mvua, iwe jua, alitembea naye mpaka chombo cha safari, akasimama mpaka kipotee. Kitinda alisogea pembeni ya meza kumpisha.

"Leo sikusindikizi, mdogo wangu," Dada alisema. Hakusema kwa hasira. Alibaki pale pale, viganja juu ya meza. "Nenda, wenzako wanakungoja. Ukifika nipigie."

Kitinda alitoka. Mbele ya mlango wa jiko walikuwa wamechuchumaa watoto zaidi ya ishirini, wamenyamaza kwa adabu ambayo walimu wao hawakuwahi kuipata. Alidhani wanamngoja yeye.

"Nendeni darasani," aliwaambia.

Walimpisha njia bila kumjali. Yule msichana wa safu ya mbele akamjibu kwa heshima zote. "Tunamngoja Mama Sufuria atoke, tumhesabie."

"Msifanye hivyo. Haipendezi."

"Lakini wewe umesema hivyo hivyo kwenye mchezo," msichana alisema, "na tukahesabu."

Honi ililia tena. Kitinda alipanda gari. Kiongozi aliwahesabu, akafika wanne, akaridhika, na gari likazunguka uwanja taratibu kupita mbele ya stoo. Kutoka dirisha la nyuma aliuona uwanja wote, zile hatua arobaini, na jikoni alikuwamo mtu aliyetakiwa kuzivuka leo kwenda kuchukua mchele wa kesho. Watoto walikuwa bado wamechuchumaa. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyetoka.