Mnoa Vyuma wa Turku

Mnoa vyuma wa uwanja wetu wa barafu hapa Turku hasemi neno mashine ikizunguka. Akimaliza kunoa chuma kilicho chini ya kiatu cha kutelezea, hupitisha makali yake juu ya ukucha wa gumba, kichwa kainamisha kama anayesikiliza, kisha hukuna sikio kwa kidole kilichojaa vumbi la chuma. Siku ya mashindano ya timu za mataifa nilimpelekea kahawa, nikamkuta Riikka, mama wa nahodha wa timu yetu, akimnong'oneza.

"Mzee wangu, hivi viatu vya Wakanada vinoe juujuu tu. Nani atajua?"

Alizima mashine. "Wanateleza kumi na sita, Riikka, wameshikana. Akianguka mmoja, vyuma vya wenzake vinampita juu."

Akawasha tena mashine, akavinoa vyote, polepole kuliko siku zote. Jozi ya mwisho akampakatisha Riikka. "Kampe msichana mwenye viatu. Mtazame usoni."

Riikka alikwenda, akarudi mikono mitupu.

"Kanishukuru," alisema, akakaa palepale sakafuni.