Viti vya Bendera

Nikisikia mtu akisema Wadachi, hao Wajerumani, walikuwa watu wa utaratibu, huwa nacheka. Utaratibu wao niliuona mgongoni kwa mume wangu. Alikuwa fundi cherehani, Mrangi wa Kondoa, mpole kupita kiasi, na bomani walimchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa sababu ya vifungo vya koti la bwana mmoja vilivyokatika. Alilala kifudifudi hadi nikadhani hatainuka. Mganga aliyemtibu kwa samli alitwambia waziwazi kwamba mgongo ule hautastahimili mara ya pili.

Kwa hiyo siku askari alipokuja kibandani kwetu Dodoma na kazi kutoka kwa bwana mkubwa wa boma, nilitoka nikasimama kando ya mume wangu. Askari mwenyewe nilimjua. Alikuwa mtu wa pwani, na siku ile ya vifungo yeye ndiye aliyeshika miguu ya mume wangu. Alisema bwana anataka motokaa yake ishonewe bendera kabla mgeni wake mkubwa hajafika kwa gari la moshi. Mume wangu akauliza bendera kiasi gani. Askari akajibu kwamba fundi ni mume wangu, si yeye, akaenda zake.

Sasa, sisi watu wa bara bendera tuliijua kwanza kama jora. Tangu enzi za misafara, nguo nyeusi ya dukani ni kaniki na nyekundu ni bendera, hata mtoto anayetumwa dukani alijua. Tulipokwenda kuiona ile motokaa katika ua wa boma, tukaona kazi ni bayana. Jua lilikuwa limepasua ngozi ya viti, na panya walikuwa wamejichimbia humo. Basi bwana anataka viti vyekundu. Nani angekwenda kumuuliza zaidi? Kumuuliza bwana mkubwa kulihesabiwa kuwa ubishi.

Tuliifumua ngozi kuukuu tukaifanya kipimo, mume wangu akakata jora juu yake. Mimi nilishona kingo kwa sindano ya magunia na kujaza mashimo ya panya kwa manyoya ya mbuzi. Mbao za ndani ya milango tukazipaka rangi nyeusi tuliyoipata stesheni. Mama yangu, Mgogo wa Chamwino kama mimi, alipita akaona nyekundu imetandazwa mwaka ambao mvua imekawia, akanigombeza sana, maana kwetu nyekundu hufukuza mvua. Nikamjibu kwamba mvua huweza kungoja, lakini kiboko hakingoji.

Manyoya yalipopungua, kona ya kiti cha mbele ikabaki na shimo. Kwenye sakafu ya motokaa palikuwa na tambara lililochanika, limejaa mafuta ya mashine hata rangi yake haijulikani. Nikalikunja, nikalisokomeza humo, nikashona juu yake.

Asubuhi ya siku ya mgeni, bwana mkubwa alikuja kuona. Alizunguka motokaa yote, na uso wake ukaanza kushindana na viti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akauliza, "Bendera wapi?"

Mume wangu akagusa kiti. "Ndiyo hii, bwana mkubwa."

Bwana akakishika kijiti kilichosimama mbele ya motokaa, akakitikisa. "Bendera! Hapa! Imechanika, wewe shona!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ametaka bendera yake ishonwe, basi. Viti hakuvitaja. Na bendera ya mfalme wake, lile tambara la mafuta, nilikuwa nimeisokomeza mimi ndani ya kiti, mahali ambapo mgeni wake angekaa.

Nikasema haraka kwamba bendera iko nyumbani, nimeifua, inakauka. Kisha nikapapasa kile kiti cha mbele na kusema kuna msumari umebaki ndani, utamchoma mgeni, nipewe ruhusa nikautoe. Bwana akaangalia saa yake, akapunga mkono. Nikajitwika kiti kichwani, nikatembea kama mwenye kubeba mayai mpaka nilipolipita lango, kisha nikakimbia.

Nilifumua kona, tambara nikalitoa na kulifua kwa maji ya kupikia, maana kisimani foleni ilikuwa ndefu. Lilinuka mafuta, lakini rangi zake tatu zikaanza kuonekana. Mume wangu alijaribu kutia uzi kwenye sindano akashindwa. Nikamnyang'anya nikashona mwenyewe, nikaipiga bendera pasi ya mkaa ikiwa bado mbichi, yeye akajaza kiti kwa manyoya ya mto wetu wa kulalia.

Tuliporudi bomani, gari la moshi lilikuwa linapiga honi upande wa Gulwe, likitokea pwani. Bwana aliupitisha ukucha wake juu ya mshono wangu, akaridhika, akaifunga bendera kijitini. Nilidhani yamekwisha. Ndipo akaelekeza kidole kwenye viti.

"Nani alisema viti?"

Mume wangu akafungua mdomo. Namjua mtu wangu, alitaka kusema ni yeye aliyesikia vibaya. Nikamtangulia.

"Askari wako, bwana. Yule pale."

Mgeni alikalia viti vyetu, nikamwona akivipapasa kwa kupendezwa. Haikusaidia. Alipokwisha kupelekwa kupumzika, askari yule alilazwa uani, na kibandani kwetu tulisikia kila pigo. Nilifurahi. Sisemi uongo, nilifurahi kwamba sauti ile si ya mume wangu.

Mume wangu alikaa ameinamisha kichwa hadi kelele zilipokoma. Kisha akainuka akachukua kibuyu cha samli. Nikamwambia ile ni samli ya watoto, na mtu mwenyewe hakuionea huruma miguu aliyoishika.

"Wewe hujawahi kulala kifudifudi," akasema, akatoka nayo.

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Hata leo wangeniuliza, ningemnyooshea kidole yule yule. Jua lilikuwa bado halijazama mume wangu aliporudi na kibuyu kitupu. Nilimwandalia ugali, hakuugusa. Aliketi kwenye cherehani, akanipa mgongo.