Kazi yangu ya kulinda nyimbo za korale

Baba yangu alikuwaka na shamba ya mahindi kule Kasugho, pembeni ya pori, na banyani balijua ile shamba kuliko siye. Mahindi ikianza kukomaa, tunajenga kibanda kidogo katikati, mutu anaikaa pale na bidon ya zamani, dumu ya mafuta, na fimbo, anapiga bidon tangu jua inapanda mpaka inashuka. Mwaka moja baba alisema hapana kuachia mutu mwingine ile kazi, atalinda yeye mwenyewe. Alilinda muzuri sana. Banyani hapana kula hata gunzi moja kwetu. Balienda kula kwa shangazi, ng'ambo ya kijito, na shangazi alikaa musimu muzima bila kutusalimia. Lakini juu ya baba kuwa mu kibanda siku yote, maharagi haikupandwa, na mihogo ilimezwa na majani. Siku moja mama alimuangalia, akamuuliza: "Sasa wewe ni mulimaji ao ni mulinzi?" Baba akapiga bidon.

Ile bidon niliikumbuka nikiwa muzee, mu kazi yangu ya mwisho ya nyimbo, na ndiyo hiyo nataka kuwaelezea, nyinyi benye mulizaliwa na téléphone mu mukono. Mais nianzie mwanzo, juu nikianza na mwisho mutaniuliza maswali mingi.

Siku yangu ya kwanza mu kazi ya nyimbo ilikuwa Butembo, mu chumba moja nyuma ya soko, kwa mutu tulimuitaka Patron tu. Masomo niliacha mwaka ya ine ya primaire. Patron alinionyesha radio mbili zimefungwa pamoja na waya. Huku unaweka kaseti yenye sauti, ile tulikuwa tunaita "mama", na huku unaweka kaseti tupu. Unafinya, unangoja mpaka wimbo inaisha yote, juu wakati ile hakuna kukimbiza. Radio ikitafuna kaseti, unatoa utepe polepole, unauzungusha na kalamu ya bic mpaka unarudi ndani. Patron aliniambia: "Paluku, hapa hatuuze sauti, tunauza utepe. Sauti ni ya Mungu." Bakorale balikuwa banaleta "mama" zao benyewe, tunabafanyia kopi, banaenda kuuza ku mulango ya kanisa. Nyimbo za Kinshasa hakuna mutu alituletea. Tulizikopi tu, na hakuna mutu alikuja kuuliza.

Kisha Patron alinituma Beni, nifungue chumba ya pili. Pale kaseti ikakufa, CD ikaingia, tukajifunza kugraver, maana yake ordinateur, kompyuta, inachoma wimbo ndani ya sahani na mwangaza. Kazi ya saa ikawa ya dakika. Mimi nilifurahi. Patron, hapana. Alisema: "Kitu ikikuwa rahisi kwetu, itakuwa rahisi kwa kila mutu." Na ikakuwa vile. Bakaja bajeune, vijana, benye ordinateur chini ya parasol, mwavuli ya soko, unabapa téléphone, banakutilia nyimbo mu carte mémoire, kile kitu kidogo kama ukucha kinaingia nyuma ya batterie. Kisha hata bale batu hapana kubahitaji: mutu anatuma wimbo mu groupe ya WhatsApp, na mbele ya kumaliza chai iko Goma, iko Kampala. Chumba ya Beni tukafunga. Patron akarudia ngombe zake kule Lubero, na mimi nikarudi Butembo, mugongo ikianza kuniuma.

Ndipo Président wa korale yetu aliniita. Président ni ule anaongoza comité. Ule anaongoza sauti ni Maestro. Musibachanganye, juu benyewe hapana kupenda. Président alikuwa anauza vitenge, mutu wa kusimama wima hata akiwa ameketi. Aliniambia: "Papa Paluku, njia zote nyimbo inapita unazijua, juu ni wewe ulizipitisha. Sasa uzifunge."

Korale ilikuwa imetoa nyimbo mupya, inaziuza ndani ya flash. Mutunzi wa zile nyimbo zote ni Masika. Masika alikuwaka na shamba ya kakao upande wa Beni, mais tangu batu banauawa kule alikimbia na batoto bane, na hapana kurudia tena. Korale ilikuwa inamupa sehemu yake kwa kila flash. Donc basi nyimbo ndiyo ilibaki shamba yake. Flash ikiuzwa, batoto banasoma. Wimbo ikitembea bure, banabaki nyumba. Ni juu ya Masika nilikubali ile kazi, hapana juu ya Président.

Kwanza comité ilibishana. Maestro alisema: "Kulinda ni kazi ya serikali. Kuko bureau ya ile mambo."

Président akacheka. "Serikali inashindwa kutulindia njia ya shamba, italinda wimbo?"

"Basi bale banauza mega, ile internet ya téléphone. Wimbo ikitembea, mega inakatika, na bale ndio banakula. Bafunge kwao."

"Utaenda kuwaambia wewe? Utagonga ku mulango gani?"

Président akasema nyimbo ni yetu, siye benyewe tutalinda. Masika alikuwa nyuma, karibu na ngoma. Alisema tu: "Mimi nataka batoto basome. Mais musinigombanishe na batu."

Bakanipa badge ya kuvaa ku shingo, imeandikwa Contrôleur, mukaguzi. Nikaanza na bale ba parasol. Bale bajeune balinipokea na heshima, juu bengine ni mimi nilibafundisha kugraver. Moja akaniuliza: "Papa, unakuja kutufukuza mu kazi yako mwenyewe?" Banafuta wimbo mbele yangu, nikigeuka kona banairudisha. Nilijua, juu mimi pia ningefanya vile.

Kisha groupe. Groupe ya WhatsApp hapana kuiangalia inje kama boutique, lazima uingie, na contrôleur akiingia na jina yake batu bananyamaza. Nikajiita Sister Espérance, nikaweka picha ya maua. Muzee wa mvi kama mimi. Batu balinitakia anniversaire ya kuzaliwa, balinitumia sala. Mwanaume moja wa Kamango alitaka kunioa, na alikuwa na adabu kweli, ilibidi nimuambie niko na bwana yangu. Mais kila mutu aliyetuma wimbo ya korale, nilipeleka jina yake kwa Président, na Président alikuwa analisoma ku kanisa, nyuma ya matangazo ya ndoa.

Pale mambo ikaharibika. Batu bakaacha kuketi karibu na benchi ya korale. Ku répétition, mazoezi ya kuimba, Maestro anainua mukono, baimbaji banaangalia téléphone, banatafuta nani ametuma nini. Wimbo mupya hakuna. Flash hapana kuuzwa kuliko zamani, juu nani ataenda kununua kwa mutu alimusoma jina mbele ya mama mukwe? Nikamuuliza Masika kama anatunga kitu. Akaniambia: "Papa, sauti hainikujie tena. Nikianza mustari, naona kwanza nani atauiba."

Siku moja Président alinituma Beni. Kulikuwa wimbo moja ya Masika, ambayo haijaingia hata mu flash, na inasikika kule. Nilifika muchana, nikafuata sauti mpaka ku kilio, matanga ya mutu. Bâche ya kivuli, viti vya plastike, mama moja ameketi chini ku mukeka. Kijana yake balimuua ku shamba. Mu baffle, ile spika kubwa, ni Masika anaimba, bila ngoma, bila korale, yeye peke yake. Nikaketi, juu hapana kuingia ku kilio na kusimama. Bakanipa chai. Téléphone ikalia.

"Uliipata?"

"Président, niko ku kilio."

"Baffle iko pale?"

"Iko."

"Basi uko mahali pa kazi. Chukua ile flash, na uulize nani aliipana."

Nikaingiza badge ndani ya shati. Nikamupa yule mama pole, nikamuuliza polepole ile wimbo balitoa wapi.

"Kwa Masika," akasema. "Shamba yetu na yake zinagusana. Alishindwa kuja kuzika juu njia ni mubaya, akatuimbia mu téléphone. Unamujua?"

"Namujua."

"Umuambie wasingya, asante ya kwetu. Umuambie tulimuzika mutoto na sauti yake."

Flash sikuichukua. Mais Président alikuwa na masikio yake ku Beni pia, na aliita mukutano. Alisimama, akasema sheria ya korale iko wazi: mwenye anapana wimbo ya korale inje anakatwa ku korale, na sehemu yake inakatwa naye. "Tunamushuku mutu. Hatutaki kumuonea. Papa Paluku alifika mpaka kule, Papa Paluku atatuambia ni nani."

Masika alikuwa pale pale karibu na ngoma, mikono ku magoti. Hapana kuniangalia.

Mbele niseme nilifanya nini, niseme kile nafikiria leo, juu bananiulizaka. Sasa niko Alimbongo, nalima viazi, pomme de terre, baridi inanikamata magoti. Banauliza: Papa, mwenye wimbo alinde mwenyewe ao hapana? Nimechoka na hii swali, mais nijibu. Mwenye wimbo anastahili kula ku wimbo yake, pale sitabishana na mutu. Mais polisi lazima ashuku kila mutu, na mutunzi lazima aachie kila mutu mulango wazi. Ukibeba zile kazi mbili, moja inakufa, na ile inakufa ni kuimba. Bale banakula mega bapewe ile kazi. Serikali ipewe, siku itaamka. Utaniambia, na Masika akingoja atakula nini? Leo anaimba na korale ku ndoa, banamulipa pale pale, haitoshi, mutoto mukubwa aliacha masomo. Ile swali yako sina jibu yake.

Basi mukutano. Président akarudia: "Papa, tunangoja."

Nikasimama. Nikatoa badge ku shingo, nikaiweka ku kiti, pale nilikuwa nimeketi, ili mutu asiketi pale akifikiri ni wazi.

"Unaenda wapi?"

"Inje kidogo."

Maestro alisogeza magoti nipite. Nikatoka, nikateremuka njia ya soko, sikurudi tena, hata kuchukua koti yangu yenye ilibaki ku musumari. Karibu na soko, mu boutique moja ya sabuni na chumvi, radio ilikuwa inaimba wimbo ya Masika. Mukono yangu ikaingia peke yake mu mufuko kutafuta bic, niandike jina ya ile boutique. Nikautoa, nikaendelea kuteremuka.